Anti, mshahara wangu ni 100 ila maisha yangu yamefika 108

Anti shikamoo. Naomba unijibu kwa uwazi kama unavyowajibu wengine, maana nimechoka kujishauri mwenyewe.

Nina miaka 29, nimeajiriwa, mshahara unaingia kwa wakati na kusema kweli sio mbaya. Shida ni kwamba kila mwezi hata tarehe 20 haijafika nakuwa nimeshaanza kukopa kwenye simu, mwanzoni ilikuwa kidogo kidogo, saivi imekuwa kama sehemu ya mshahara. Juzi nikakaa chini nikaandika kila kitu, nikachukulia mshahara wangu ni 100 ili nielewe vizuri. Kodi ya nyumba, nauli, chakula, umeme, maji na kidogo ninachotuma nyumbani ni 58. Jimu 7. Trena wangu 6. Poda ya protini, vidonge vya kuchoma mafuta na apu mbili za afya zinazojikata zenyewe ni 5. Masaji na saluni 6. Kutoka na marafiki 17. Rejesho la mikopo 9. Nikajumlisha tena nikidhani nimekosea, inakuja 108, na hapo akiba ni sifuri.

Sasa anti sio kwamba natapanya hela. Mwaka jana tulipimwa afya kazini presha yangu ikasoma juu kidogo, daktari akasema haijafika ya kunywa dawa ila nifanye mazoezi na nipunguze uzito (nina kilo 74), na mama yangu ana presha kwa hiyo niliogopa kwelikweli. Ndo nikajiunga jimu, nikachukua na trena. Ila kazi zikibana naishia kwenda mara nne tano kwa mwezi. Vidonge niliuziwa palepale jimu, waliniambia vinasaidia mtu asiyepata muda wa kuja mara kwa mara.

Marafiki nao sio watu wa kupita. Tuko sita tangu chuo, baba yangu alipofariki ndo walionikalisha, walinipikia, walilala na mimi sebuleni. Tatizo wenzangu sasa hivi kipato kimewatangulia. Bethdei ya mmoja wetu juzijuzi tulienda sehemu ya gharama, mimi niliagiza kitu kidogo makusudi, bili ikaja mmoja akasema tugawe sawa kwa sawa, nikaenda chooni kucheki salio, nikakopa nikiwa nimesimama humohumo chooni, nikarudi mezani natabasamu. Usiku sikulala. Na saivi wameanzisha mpango wa safari ya mwisho wa mwaka, grupu linawaka kutwa nzima, mimi nasoma sijibu.

Dada yangu anasema mshika mbili moja humponyoka sembuse mimi nimeshika tatu, niachane na hao marafiki wa kifahari. Trena anasema jimu wana punguzo kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo, hata kama nitakopa sehemu ya hela bado ntakuwa nimeokoa. Mimi mwenyewe nafikiria kuacha vyote, jimu, trena, marafiki, nijifungie ndani mpaka deni liishe hata kama ni mwaka. Anti nishauri, niache kipi?

Mwanao niliyebanwa

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole zaidi kwa ile ya chooni, nimeisoma nikaumia, maana mtu anayekopa chooni halafu anarudi mezani anatabasamu amebeba mzigo mkubwa kuliko hiyo hela yenyewe.

Kabla sijagusa hesabu naanza na la afya kwa sababu haliwezi kusubiri mwisho wa mwezi. Hivyo vidonge vya kuchoma mafuta acha leo. Usisubiri kopo liishe eti kwa sababu umeshalipia. Vingi vya namna hiyo vinajazwa kafeini nyingi na vichangamsho vingine ambavyo vinapandisha mapigo ya moyo na presha, yaani wewe uliyejiunga jimu kwa sababu presha imepanda unalipia kila mwezi kitu kinachoweza kuipandisha. Na hapo nazungumzia vile vilivyoandikwa ukweli kwenye kopo. Kuna dawa inaitwa sibutramine, ilikuwa ya kupunguza uzito, mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari kwenye moyo na mishipa ya damu, lakini wakaguzi wa dawa wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge vya kupunguza uzito ambavyo kwenye lebo vinajiita vya asili. Chukua hilo kopo, lipeleke kwa daktari au mfamasia alione, na upime presha upya. Umeniambia ilipimwa mwaka jana, hujaniambia imesoma ngapi mwaka huu, na hicho ndo kipimo cha kama hela yako ya mazoezi inafanya kazi.

Haya tuje kwenye swali lako. Unaniuliza uache kipi, mimi nakataa swali lenyewe. Umeandika afya, marafiki na hela kama watu watatu wanaogombania kiti kimoja, ila nikiisoma ile orodha yako naona kitu kingine kabisa, naona kwamba sehemu kubwa ya hela haiendi kwenye afya wala kwa marafiki. Inaenda kwenye mlango wa jimu usioupita, kwenye kopo, kwenye apu, na kwenye sahani za watu wengine mezani. Mazoezi yenyewe ni karibu na bure. Marafiki wenyewe, wale waliolala sebuleni kwako, hawakukutoza chochote.

Hilo la kujifungia ndani mwaka mzima nakuomba ulitoe kichwani. Najua linaonekana kama ujasiri, kama ndo mtu mzima anavyofanya, ila upweke nao una gharama na gharama yake inalipwa na mwili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilitoa ripoti kuhusu mahusiano ya watu, likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na likauhusisha na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari, sonona, na vifo vya mapema. Wewe una presha inayonyemelea na una msiba ambao sidhani kama umeisha moyoni. Ukiwakata hao watu watano kwa ajili ya deni, deni litaisha kweli, alafu utatoka nje ukute huna wa kumwambia kwamba limeisha. Dada yako anakupenda na methali yake ni ya kweli kwa mtu anayeshika vitu viwili vinavyovutana, ila kutembea kwa miguu na rafiki yako jioni mkiongea ni mazoezi na ni urafiki kwa wakati mmoja na hakuna anayekutoza.

Sasa jimu. Unalipa 7, unaenda mara nne tano, kwa hiyo kila unapoingia ule mlango umelipa kama 1.5 ya mshahara wako. Wala usijione mvivu, hili ni la watu wengi sana. Wachumi wawili, DellaVigna na Malmendier, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa jimu tatu za Marekani, wakafuatilia wanachama zaidi ya 7,000, wakakuta wale wa mkataba wa kila mwezi wa zaidi ya dola 70 walikuwa wanaenda wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi, yaani kila mara moja iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati hapohapo mlangoni kulikuwa na kadi ya mara 10 ambayo ingewagharimu dola 10 kwa kila mara. Na waliokuja kujitoa, kati ya siku ya mwisho kukanyaga jimu na siku ya kuvunja mkataba ilipita zaidi ya miezi miwili kwa wastani, wanalipa tu. Sababu ni kwamba siku ya kujiunga mtu hanunulii yule mtu aliyepo, ananunulia yule anayetarajia kuwa. Wewe ulimnunulia binti anayeenda jimu kila siku na huyo binti hana kazi inayombana kama yako.

Kwa hiyo lile punguzo la mwaka mzima hapana, na kukopa ili ulipate hapana mara mbili. Punguzo linakuwa punguzo kwa anayekwenda. Kwako wewe ungekuwa unalipia kwa mkupuo siku ambazo hutaenda, na juu yake riba. Uliza kama wanapokea malipo ya kila unapokuja, kama hawapokei tafuta sehemu inayopokea, na kama haipo karibu yako basi fanya bila jimu, hilo linawezekana kabisa na nakueleza kwa nini.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli mikubwa siku mbili au zaidi kwa wiki. Hamna palipoandikwa mashine. Ya wastani utaijua hivi, unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Kutembea haraka haraka kunatosha. Na kuna jambo moja kwenye mwongozo ule ambalo wengi hawalijui na kwako lina faida sana, zamani walisema zoezi lihesabiwe likifika angalau dakika 10 mfululizo, mwaka 2020 hilo wakaliondoa, sasa kila dakika inahesabiwa. Ukishuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu asubuhi na jioni siku za kazi, ukapanda ngazi badala ya lifti, unaweza kujikuta umemaliza sehemu kubwa ya hizo 150 bila kutenga muda wala hela. Misuli ni skwoti, pushapu (anzia kwa kuegemea ukuta kama za chini bado), planki, na begi lenye vitabu ukilinyanyua kama chuma. Zoezi la kawaida kama hili likifanywa kila wiki linashusha presha, wewe ndo unayelihitaji, kwa hiyo mazoezi hayafutwi, kinachofutwa ni ule mkataba.

Trena simchukii, amekufundisha. Ila trena ana faida kubwa mwanzoni, unapojifunza kukaa vizuri usiumize mgongo na magoti, ukishajua hulazimiki kumlipa kila wiki akuhesabie. Mwambie akuandikie programu ya kufanya mwenyewe, alafu umuone mara moja moja akurekebishe, tena mkiwa wawili watatu mnaogawana malipo yake. Nimetenga 1 kwa ajili hiyo. Ila ushauri wake wa mambo ya mikopo usiuchukue, mtu anayefanya kazi mahali hawezi kukushauri kwa uhuru kuhusu kulipa mahali hapo.

Poda acha. Kiwango cha protini kinachotajwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni kama gramu 59 kwa siku, na hizo zinapatikana kwenye chakula unachokula ukipanga vizuri. Wanaobeba vyuma kwelikweli wanashauriwa zaidi, ila kwa mara nne tano kwa mwezi mwanangu hiyo poda inapita tu. Apu nazo ingia kwenye simu uzisitishe kwenye malipo, maana kuifuta apu peke yake hakuzuii makato, wengi wananaswa hapo. Masaji na saluni sikunyang'anyi, chagua kimoja kinachokutuliza kweli, weka 3. Na ulale. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na hakuna masaji inayofidia usingizi.

Sasa marafiki, hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana hapa ndo pagumu. Hizo 17 sio bei ya urafiki. Ni bei ya kunyamaza. Wenzako hawajui. Wanaona unakuja, unatabasamu, unalipa sawa kwa sawa, wao watajuaje? Aliyesema tugawe bili sawa hakukuonea, hakuwa na habari. Na grupu la watu sita, nakuhakikishia huenda hauko peke yako, watu wanaweza kuwa na mishahara mikubwa na madeni makubwa vilevile, ila kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme.

Usianze na grupu zima. Mchague mmoja, yule unayejua siri kwake inakaa, mpigie, usimtumie meseji, mwambie hali ilivyo bila kuipamba. Alafu ndo uandike kwenye grupu, fupi, kabla hakujapangwa kitu, isiwe mkiwa mezani. Andika hivi kwa mfano: "Jamani mimi niko kwenye mpango wa kumaliza deni, kwa miezi kadhaa kutoka kwa gharama ni mara moja tu kwa mwezi, na siku hiyo kila mtu alipie alichoagiza. Ila nawahitaji, kwa hiyo Jumamosi asubuhi natembea, anayekuja aje." Usiongeze samahani nyingi, usielezee riba. Ukiomba radhi sana watu wanaanza kukuchangia, na wewe hujaomba mchango, umetoa taarifa.

Ile Jumamosi usiifanye ya kuomba kura kwenye grupu, taja saa na taja pa kuanzia, na nenda hata kama hajatokea mtu. Wiki ya kwanza pengine atakuja mmoja. Mkitembea saa moja na nusu tayari mna dakika 90 kati ya zile 150 na mmeongea kuliko mnavyoongea kwenye sehemu yenye muziki mkubwa ambapo kila mtu ameshika simu. Kuwaalika kwako pia ruksa, kila mtu aje na kitu. Na siku za bethdei unaweza kufika chakula kikiwa kimeisha, ukakaa nao, ukaondoka, hakuna dhambi.

Atakayekucheka? Akiwa mmoja kati ya watano, mwache acheke. Wakicheka wote watano basi ndo nitakuwa tayari kukubaliana na dada yako, lakini watu waliokukalisha msiba siwatarajii wafanye hivyo.

Safari ya mwisho wa mwaka usiende. Nimejaribu kuiingiza kwenye hesabu haiingii. Waambie mapema kabla hawajaanza kulipia vyumba kwa idadi ya sita, huo ndo uungwana, na waambie ya mwakani unataka kuwemo ili mpange pamoja tangu mapema.

Basi hesabu mpya inakuwa hivi. Ya lazima 58 inabaki. Mazoezi ya kulipia kila unapokuja 3, trena 1, kujitunza 3, marafiki 10, rejesho 9. Hiyo ni 84. Zinabaki 16, hapo toa 11 uziongeze kwenye deni, ukianza na lile lenye riba kubwa kuliko yote hata kama ni dogo, na 5 iwe akiba ya dharura. Najua ukiwa na deni akiba inaonekana kama anasa, ila bila hiyo 5, siku simu ikiharibika au ukiugua unarudi kulekule kukopa. Na ukiulizwa kuhusu ile kanuni ya 50, 30 na 20, yaani nusu ya mshahara kwa ya lazima, 30 kwa unayoyapenda na 20 kwa akiba na madeni, wala isikukoseshe raha, ya lazima yako tayari ni 58 na sijaona pa kuipunguza kwa haraka, ila kwenye deni na akiba mpango huu una 25.

Hela zigawe siku mshahara unapoingia, siku hiyohiyo, deni na akiba zikatwe kwanza. Ya marafiki iweke pembeni kwenye akaunti au pochi yake, ikiisha tarehe 12 basi mpaka mwezi mwingine ni matembezi na simu. Na toa apu za mikopo kwenye simu kila unapomaliza moja, maana saa nne usiku ukiwa na huzuni kidole kinaenda penyewe.

Mshahara ujao ukiingia nataka ukute mambo mawili yameshafanyika. La kwanza presha imepimwa na namba imeandikwa mahali. La pili umesoma mkataba wa jimu, ukatafuta wanataka taarifa ya siku ngapi kabla ya kuvunja, ukapeleka barua kwa maandishi na kubaki na nakala, kwa sababu ukisema kwa mdomo tu mapokezini mwezi ujao watakukata tena.

Anti